Nyuzi Nne Kila Jumamosi

Mkaguzi alikuwa ameshafunga kalamu. Hebu fikiria: mtu amekaa saa mbili katika chumba chako, amefungua kila droo, amehesabu mapipa ya taka na rangi zake, amesoma leseni zote ukutani hadi muhuri wa mwisho, ameingia hata choo cha wagonjwa akavuta maji asikie kama yanashuka, halafu anafunga kalamu na kusema, "Madam, umejipanga." Jepkemei nusura apige vigelegele. Mwaka uliopita bodi ya maabara ilikuwa imemwachia barua ya onyo, na barua haikuzunguka: kasoro nyingine moja, maabara inafungwa. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili pale Bahati mlimani, ubavuni mwa duka la mbegu na mbolea, lakini ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba nzima tangu kandarasi ya mumewe iishe kule kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria.

Mkaguzi huyo aliitwa Sitati, mtu mnene, mpole, anayepumua kwa sauti. Alikuja na msaidizi, msichana wa Nakuru mjini aitwaye Umaima, ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema neno. Sasa Umaima alikuwa amesimama mbele ya friji ya dawa, akiangalia chati ya joto iliyobandikwa mlangoni pake.

"Chati yako haina pengo hata moja," akasema.

"Asante," akajibu Jepkemei.

"Asubuhi na jioni, siku zote saba."

"Eeh, tunajaribu."

"Na hapo nje mmeandika Jumamosi mnafunga."

Jepkemei akatabasamu. "Sisi ni Wasabato, madam. Jumamosi hata aniite chifu, siji kazini."

"Sasa Jumamosi ni nani husoma themomita?"

Lo! Jepkemei alisogea karibu na friji kana kwamba chati ile si yake; kila siku alijaza mstari wa siku hiyo tu, wa nyuma hakuuangalia. Kila Jumamosi, asubuhi na jioni, palikuwa na nambari ileile: nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne, mwezi mzima. Kando ya kila nne palikuwa na sahihi yake fupi, J.K. Herufi zilikuwa zake, ila ile K mguu wake ulirushwa mbele kama wa mtu anayepiga mpira. Aliijua K hiyo. Aliiona kila juma kwenye bahasha za sadaka. Ilikuwa ya mumewe, Kipkemoi, shemasi wa kanisa, ambaye tangu akose kazi ndiye aliyekuwa akifagia maabara na kuweka funguo.

Sitati aliona uso wa mwenyeji wake ukibadilika, na kwa kuwa ni mtu wa huruma, akamrahisishia. "Labda huwa unapitia dakika mbili tu, unachungulia, unaenda zako kanisani. Hiyo si kazi."

"Eeh," akasema Jepkemei. "Ni mimi. Huwa napitia."

Muda haukuwa umepita tangu aseme hata chifu hawezi kumleta. Umaima alimtazama, akatazama chati.

"Basi vizuri," akasema Sitati. "Ripoti nawasilisha Ijumaa. Cheti utapata."

Walipofika mlangoni Umaima akageuka. "Na ile wiki transfoma ililipuka? Shangazi yangu anakaa hapa Bahati. Alitupa nyama yote."

"Huku kwetu stima ilirudi haraka," akasema Jepkemei.

Uongo wa pili huo, na saa tano ilikuwa haijagonga.

*

Kipkemoi alirudi na jogoo kwapani. Mwenye duka la mbegu alikuwa amemwambia wakaguzi wametoka wakicheka, naye hakungoja aambiwe zaidi.

"Mama Kibet! Leo tunachinja!"

"Weka huyo kuku chini."

"Nikimweka atakimbia."

"Basi mshike hivyo hivyo unijibu. Nani amekuwa akijaza chati ya friji Jumamosi?"

Kipkemoi alimpapasa jogoo kichwani. Alikuwa mwanamume mrefu, aliyezoea kuinama akiingia milangoni, na siku hizi aliinama hata penye nafasi. "Waliona?"

"Baba Kibet!"

"Ni mimi. Lakini usinikasirikie kabla sijaeleza. Mwaka jana si walikuandikia vibaya kwa sababu ya hayo mapengo? Ukalia wiki nzima. Nikaona, mimi hapa nafagia tu, napanga viti, sina msaada mwingine. Nikaona hili ninaliweza."

"Kwa hivyo Jumamosi ulikuwa unakuja huku?"

"La!" Aliudhika kweli. "Mimi ni shemasi. Siwezi kuja kazini siku ya Bwana. Nilikuwa naandika Jumapili asubuhi. Naangalia themomita, iko nne, naandika ya Jumamosi pia. Sabato sikuivunja hata siku moja."

"Hukuvunja Sabato."

"Hata moja."

"Ulingoja Jumapili ndio udanganye."

Jogoo akapiga mbawa. Kipkemoi akambana kwapani. Ukweli ni kwamba hakuwa amewahi kulifikiria hivyo. Kichwani mwake dhambi ilikuwa ni kufungua mlango wa maabara Jumamosi, na mlango hakuufungua. Kuandika nambari ambayo bila shaka ilikuwa ya kweli, hilo alilihesabu kama kumfulia mkewe koti lake jeupe: ni usaidizi wa nyumbani.

"Na ile Jumamosi transfoma ilikuwa imelipuka?" Jepkemei akauliza polepole. "Stima ilipotea Ijumaa jioni, ikarudi Jumamosi usiku. Jumapili nikakuuliza friji iko aje. Ukasema iko sawa, nne."

"Jumapili ilikuwa nne."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi tulikuwa kanisani, mama. Hata wewe ulikuwa kanisani."

Na ni kweli Jepkemei alikuwa kanisani, kiti cha tatu, akiimba bila kinanda kwa sababu hakukuwa na stima, na friji haikumjia akilini hata kidogo.

*

Jepkemei alijifungia maabarani. Ndani ya friji kulikuwa na chupa tatu ndogo za dawa ya kupimia kundi la damu: ya buluu, ya manjano, na ile isiyo na rangi, ambayo ndiyo humwambia mtu kama ni positive au negative. Zote alizifungua kabla ya transfoma kulipuka. Chumba kile kina paa la mabati, na Bahati jua likiwaka linawaka. Siku nzima chupa zilikuwa zimekaa ndani ya kabati la joto, halafu zikapoa tena na kurudi kujifanya hakuna kilichotokea.

Jepkemei alijichoma kidole. Damu yake alijua ni B positive tangu akiwa chuo. Aliweka matone matatu kwenye kigae cheupe, akatia dawa, akachanganya kwa kijiti, akatikisa kigae. Tone la manjano likashikana vipande vipande, kama damu ya B inavyopaswa. Tone la dawa isiyo na rangi, ambalo nalo lilipaswa kushikana, likabaki laini. Alitikisa tena. Alisogea dirishani. Likabaki laini, jekundu, tulivu. Kulingana na chupa hiyo, yeye Jepkemei alikuwa negative.

Alijichoma kidole kingine. Vilevile.

Akavuta rejista. Tangu Jumapili ile alikuwa amepima kundi la damu la watu kumi na tisa, wengi wao kina mama wajawazito, kwa maana zahanati ya karibu iliishiwa na dawa ikawa inawatuma kwake. Kati ya kumi na tisa, watatu alikuwa amewaandikia negative, maana dawa iliyodhoofika hushika damu nyingine na kuikosa nyingine. Watatu! Katika mlima huu anaweza kumaliza miezi miwili asikutane na mmoja. Na hukushtuka, Jepkemei? Ulikuwa unawaza nini?

Alijua alichokuwa akiwaza. Alikuwa akiwaza ukaguzi: rangi ya mapipa, mtungi wa kuzima moto, muhuri. Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo halikuwa la Kipkemoi. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, anapaswa kuijaribu dawa kwa damu anayoijua, aone kama bado inafanya kazi. Huitwa kontroli. Kuna safu yake kwenye rejista. Alipitisha kidole juu ya safu hiyo: sawa, sawa, sawa, kila siku, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri. Hakuwa amefanya kontroli tangu mwezi uliotangulia. Dawa ni ghali, asubuhi wagonjwa wamejaa, na kila mtu anayemjua katika kazi hii hujaza hivyo. Angeifanya Jumapili ile tu, angeyajua haya yote siku hiyohiyo.

Ile hasira aliyokuwa amemwekea mumewe ikakosa pa kukaa. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye friji, akalia kwa aibu.

Wa kwanza kati ya wale watatu aliitwa Chepkirui, miaka ishirini na mbili, mimba ya pili. Jepkemei alimkumbuka vizuri. Alikuja na mama mkwe wake, na mbele ya benchi lililojaa watu mama mkwe akadai aelezwe negative ni nini. Jepkemei, akiwa na haraka, akaeleza: damu ya mama ikiwa negative inaweza kugombana na ya mtoto, na yule anayefuata ndiye huumia zaidi, kuna sindano, ila si rahisi kupatikana. Mama mkwe akamgeukia Chepkirui na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ndiyo maana yule wa kwanza hakukaa. Kumbe ni wewe."

*

"Usiende kwa wakaguzi," Kipkemoi alimwambia Alhamisi asubuhi. "Nisikilize. Nunua dawa mpya. Waite hao watu, uwapime tena bure, useme ni kuhakikisha tu. Nani atajua? Cheti kinatoka kesho."

"Na nikishapata cheti nitawaita?"

"Si utawaita?"

"Nitawaita wiki ijayo. Halafu mwezi ujao. Najijua."

"Basi niende mimi. Nitasema shemasi Kipkemoi ndiye aliyeandika. Wanifunge mimi."

"Ya Jumamosi ni yako. Zile zingine ni zangu." Alishika mkoba. "Mlishe huyo jogoo wako."

Ofisi ya wakaguzi Nakuru ilikuwa ghorofa ya pili, mwishoni mwa korido, na Jepkemei alisubiri kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa sita kama mtu wa kuomba kazi. Sitati alifurahi kumwona. Umaima alikuwa meza ya pembeni, akipiga mihuri.

"Madam! Hata hujangoja Ijumaa?"

Jepkemei alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakampotea. Akasema tu, "Jumamosi hakuna mtu huwa anasoma. Ni bwanangu hujaza, Jumapili. Na ile siku ya transfoma dawa iliharibika. Nimeipima na damu yangu mwenyewe."

Umaima akaweka muhuri chini. Sitati alijifuta uso kwa leso.

"Mama," akasema, na lile neno madam lilikuwa limekwisha, "mbona unaniletea hii? Mimi nilikuwa nimemaliza."

"Najua."

"Unajua nikiandika hii, unafunga leo? Si kesho, leo. Una onyo tayari. Uanze upya: maombi, ada, ukaguzi. Inaweza kuchukua miezi sita. Unaweza hata kuitwa mbele ya kamati, leseni yako wewe binafsi iangaliwe."

"Najua."

"Na unajua kuna themomita inayokumbuka? Inaweka joto la juu kabisa na la chini kabisa mpaka uifute. Unaenda kanisani, unaomba, Jumapili unasoma yote yaliyopita, unaandika ukweli. Iko hapo mjini kila mahali. Mngeniuliza tu!" Alikuwa amekasirika sasa, jinsi watu wema wanavyokasirika wakilazimishwa kuumiza mtu. "Jambo dogo hivyo!"

Jepkemei hakuwahi kuisikia. Akilini alimwona Kipkemoi na bahasha zake na K yake, akaminya midomo asilie ofisini mwa watu.

"Kuna lingine," akasema. "Kontroli. Hiyo ni mimi mwenyewe. Nilikuwa najaza bila kufanya."

"Hiyo sikuwa nimekuuliza."

"Ndiyo, hukuuliza."

Sitati akavuta karatasi. Aliandika taratibu, akipumua. Umaima ndiye aliyeleta kitabu cha kutia sahihi, na alipokuwa akimwonyesha mahali akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa nimeandika barua ya kukushtaki, dada. Kwa bodi. Sikuwa nimeituma."

"Ungetuma?"

"Sijui," akasema Umaima. "Bosi wangu alikupenda."

*

Habari za kufungwa zilitangulia kupanda mlima. Jepkemei alipofika boma la kina Chepkirui siku iliyofuata, mama mkwe alikuwa akimenya viazi mlangoni, na hakumkaribisha kiti.

"Si wewe ndiye wamekufungia?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa unatafuta nini kwa watu?"

Chepkirui alitoka jikoni akajipangusa mikono. Mimba ilikuwa imekua. Alikuwa amekonda kila mahali pengine.

"Nimekuja kuwaambia majibu niliyompa si ya kuaminika," akasema Jepkemei. "Dawa yangu ilikuwa imeharibika, na mimi sikuichunguza. Inawezekana damu yake haina shida yoyote. Inawezekana haikuwahi kuwa na shida."

Mama mkwe akaweka kisu chini. "Yaani juzi damu yake ni mbaya, leo ni nzuri. Sasa tuamini ipi? Ulipokuwa na karatasi ya serikali ukutani ulituambia hivi. Leo huna karatasi, unatuambia vile."

Huko njiani Jepkemei alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa swali kama hilo hakujiandaa.

"Msiniamini," akasema. "Twendeni hospitali ya mjini wampime mbele yenu. Nitalipa mimi."

"Tumeshamaliza hayo. Kijana wangu ameuza ndama kwa ajili ya ile sindano. Ameambiwa na wazee afikirie vizuri kuhusu huyu msichana. Sasa unataka tuanze tena?"

"Mimi nataka," akasema Chepkirui.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa ameshaingia ndani kutafuta viatu.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu kando ya dirisha la maabara, Chepkirui katikati, mama mkwe akiwa amegeukia ukuta. Benchi lilijaa: mzee wa kikohozi, kina mama na watoto, msichana wa sare ya shule. Jepkemei alisikia mashine zikizunguka kule ndani, na harufu ya spiriti ikamjia puani, akatamani kunawa mikono avae koti. Alishika magoti yake. Ikiwa kweli Chepkirui ni negative, basi amemnyanyua bure na kumwangusha mara ya pili. Aliomba, na hata maombi yenyewe hayakukaa sawa.

Dirisha likafunguka. Kijana wa ndani aliita jina, akasoma karatasi kwa sauti ya chini, kama ilivyo desturi. "O positive."

"Amesema nini?" mama mkwe akauliza.

"Sema kwa nguvu, daktari," akasema Chepkirui. "Mama hasikii vizuri."

"Hii ni siri ya mgonjwa..."

"Mgonjwa ni mimi. Sema!"

"Positive!" akasema yule kijana.

Benchi zima likageuka. Mzee aliacha kukohoa. Mwanamke wa mwisho alimhamisha mtoto wake goti la pili, lile la mbali, na mwingine akasema kwa huruma ya kweli, "Pole, msichana wangu. Siku hizi kuna dawa. Mtu anaishi miaka yote."

Chepkirui akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, mpaka machozi yakamtoka, na wale watu wakazidi kumhurumia, na yeye hakuwaeleza chochote. Mama mkwe alisimama, akakaa, akasimama tena. "Haya basi, twende nyumbani, Mama," akasema, na hakuwa amemwita Chepkirui Mama tangu yule mtoto wa kwanza afe.

Chepkirui alikunja karatasi mara nne akaiweka kifuani. Kisha akamgeukia Jepkemei, kicheko kikiwa kimekwisha. "Kwa hivyo yule hakufa kwa sababu yangu."

"Hapana. Hakufa kwa sababu ya damu yako."

"Mwezi mzima nimekuwa nikimwomba msamaha kila usiku."

Jepkemei alitaka kusema nisamehe, lakini baada ya maneno hayo hakuthubutu.

"Ukifungua tena," akasema Chepkirui, bila hasira, "mimi kwako siji."

"Sawa," akasema Jepkemei.

Aliwatazama wakiondoka, mama mkwe amebeba mkoba wa mkaza mwanawe. Kisha akatoa kwenye mfuko karatasi aliyokuwa amenakili kutoka kwenye rejista, akaazima kalamu dirishani, akafuta jina moja. Yalibaki kumi na nane. Akatoka nje ya lango akiuliza watu njia ya kwenda kwa wa pili.